Dawa Iliyotoka Katika Damu ya Mtu Aliyepona



Yako maneno matatu ya Kiswahili ambayo siku hizi yajulikana na matabibu wa Marekani na Ulaya, hata wale wasioweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha yetu. Maneno hayo ni Pamoja Tulinde Maisha. Ndilo jina la jaribio la dawa lililofanywa Kongo ya mashariki tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, nalo kwa kifupi huitwa PALM. Katika jaribio hilo ndimo ilimobainika kwamba maradhi ya Ebola, yaliyokuwa yakiua watu tangu mwaka 1976 bila ya dawa iliyothibitika, yamepata dawa.

Vijana wakubwa wa chuoni kwetu wametuuliza habari za dawa hiyo, kwa kuwa wamesikia kwamba ilitoka katika damu ya mtu. Mmoja aliuliza, damu ya mtu mmoja yawezaje kuponya umati? Mwingine akauliza kama ni halali. Sisi si matabibu, na elimu yetu ni ya chuo na ya madarasa machache ya serikali. Lakini tumesoma, tukawauliza wanaojua, na twaona ni haki habari hii ifike katika nyumba zetu, maana ndani yake limo jambo linalomhusu kila mwenye mgonjwa nyumbani.

Tena sisi watu wa Tabora hatuwezi kuisikia habari ya Kongo ya mashariki tukaidhani kuwa ni ya mbali. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji, ikavuka ziwa, ikaingia Manyema hata Kasongo na Nyangwe. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu na nguo na shanga, na, tusifiche, walipita watumwa. Kiswahili nacho kilipita humo humo, kikashika mizizi ng'ambo ya ziwa, na baadaye kikasogea mpaka Kivu na Ituri. Ndiyo sababu mgonjwa wa Beni au Butembo huweza kuelezwa maradhi yake kwa Kiswahili, na ndiyo sababu jaribio lile likapewa jina ambalo bibi yeyote wa Ng'ambo au Isevya angelielewa bila ya mkalimani.

Walakini njia haichagui mzigo. Ndui nayo ilisafiri pamoja na wapagazi, na wasafiri wa karne ya 19 waliandika habari za watu walioachwa kando ya njia wakifa kwa maradhi hayo. Wazee waliojua ndui walijua pia jambo moja, nalo ndilo mlango wa habari yetu: aliyeugua ndui akapona, aghalabu haugui tena. Kwa hiyo mwenye makovu usoni ndiye aliyefaa kuwauguza wengine. Hawakujua sababu, bali walijua kwamba kipo kitu kilichobaki katika mwili wa mtu yule.

Kitu hicho ni kingamwili. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu na walinzi ndani ya damu yake, nao ni chembe nyeupe. Ziko zinazomeza adui, na ziko zinazotengeneza silaha za kumshika. Silaha hizo ndizo kingamwili, nazo ni ndogo mno, hazionekani kwa darubini ya kawaida. Umbo la kila moja ni kama panda ya manati: shina moja chini na matawi mawili juu. Ncha za matawi yale mawili ndizo zinazoshika. Wala hazishiki kila kitu, bali kitu kimoja tu, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli yake na kukataa ya jirani. Kingamwili ya surua haina habari na pepopunda. Shina la chini nalo kazi yake ni kuita: chembe nyingine za damu zikiliona hujua kwamba kilichoshikwa ni adui, zikaja kukimaliza.

Shida ni wakati. Adui mpya akiingia, mwili hauna silaha yake tayari. Huna budi kutafuta, miongoni mwa chembe nyingi mno, ile ambayo silaha yake yamfaa adui huyo, kisha uizidishe chembe hiyo mpaka iwe jeshi. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Katika surua au mafua mwili hupata nafasi ya kuifanya. Katika Ebola adui hukimbia zaidi, na wagonjwa wengi hufa kabla silaha haijatosha.

Je, silaha iliyotengenezwa katika mwili mmoja yaweza kupigana katika mwili mwingine? Yaweza, na kina mama hulifanya hilo kila siku. Mtoto akiwa tumboni hupokea kingamwili za mama yake kupitia kondo. Ndiyo maana mama mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda, akalindwa na mtoto ambaye hajachomwa. Akizaliwa, hupokea nyingine katika maziwa, hasa yale ya kwanza mazito ya rangi ya manjano. Baadhi ya mabibi zetu huyakamua wakayamwaga kwa kudhani kuwa ni machafu. Twawaomba mabinti zetu wasiyamwage.

Wataalamu wa kwanza waliotumia siri hii kwa dawa walikuwa Emil von Behring, Mjerumani, na Shibasaburo Kitasato, Mjapani, waliokuwa wakifanya kazi Berlin. Mwaka 1890 walionyesha kwamba mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda kidogo kidogo, damu yake huweza kumlinda mnyama mwingine asiyezoeshwa. Miaka michache baadaye Mfaransa Albert Calmette alifanya vivyo hivyo kwa sumu ya nyoka. Na hii si habari ngeni kwa warina asali na wakulima wa tumbaku wa mkoa wetu, ambao katika pori la miyombo hukutana na moma na swila na koboko. Dawa halisi ya nyoka, ile ya hospitali, hutengenezwa hivi: farasi huchomwa sumu kidogo sana isiyomdhuru, ikaongezwa taratibu kwa muda mrefu, mpaka damu yake ikajaa kingamwili za sumu hiyo, kisha hutolewa sehemu ya damu yake, farasi akaendelea kuishi, na zile kingamwili zikasafishwa. Afrika ya Kusini hufanya hivyo kwa farasi kwa ajili ya nyoka wa bara letu. Dawa hiyo imeokoa watu wengi, lakini ina udhia wake, kwa sababu mwili wa mwanadamu huitambua kingamwili ya farasi kuwa ni mgeni, na mara nyingine huchachamaa dhidi yake. Tena ni mchanganyiko: ndani yake zimo kingamwili zinazofaa na zisizofaa, zote pamoja.

Kwa miaka 85 watu walitumia mchanganyiko kama huo kwa kuwa hawakuwa na njia ya kuchukua kingamwili moja tu waliyoitaka na kuitengeneza kwa wingi. Njia hiyo iligunduliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein. Walichukua chembe ya panya inayotengeneza kingamwili moja, wakaiunganisha na chembe ya saratani, ambayo tabia yake ni kuzaana bila ya kukoma. Ikapatikana chembe isiyochoka, inayotoa kingamwili ya namna moja siku zote. Nao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tangu hapo kingamwili za namna hii zimekuwa dawa za saratani, za baridi yabisi na za maradhi mengine mengi. Lakini sisi twashika njia yetu ya Kongo.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, magharibi ya Kongo, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Waliougua walikuwa 315, na katika kila watu 10 walikufa kama 8. Alikuwako huko tabibu Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, ambaye miaka 19 nyuma, mwaka 1976, alikuwa miongoni mwa matabibu wa kwanza kufika Yambuku yalikoonekana maradhi hayo mara ya kwanza katika Kongo. Yeye na wenzake waliamua jambo la ujasiri. Walichukua damu ya watu waliopona wakawatia wagonjwa 8. Katika hao 8 walipona 7. Wataalamu wengi hawakukubali. Walisema wagonjwa ni wachache, tena walitiwa damu mwishoni mwa mlipuko, wakati huduma ilipokwisha kuwa nzuri. Huenda wangepona hata bila ya damu. Hoja hiyo haikuwa ya ubishi mtupu. Miaka 20 baadaye, huko Guinea, wagonjwa 84 walipewa maji ya damu ya waliopona, na haikuonekana tofauti ya kutosha baina yao na wengine. Damu ya mtu aliyepona ni kama ile ya farasi: kingamwili nzuri zimo, lakini ni ngapi, na ni kali kiasi gani, hakuna ajuaye.

Ilibaki basi kuitafuta ile iliyo kali na kuitenga peke yake. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya mlipuko wa Kikwit, mtu mmoja aliyepona wakati ule alikubali kutolewa damu tena. Ikaonekana kuwa mwili wake ulikuwa haujasahau: kingamwili za Ebola zilikuwamo bado, pamoja na zile chembe za kumbukumbu zinazojua kuzitengeneza. Chembe hizo zilichunguzwa na mabingwa wa Marekani, akiwamo Nancy Sullivan, na wa Uswisi, akina Davide Corti na Antonio Lanzavecchia. Walijaribu kingamwili moja baada ya moja, na iliyowapendeza kuliko zote ilikuwa ile waliyoipa namba 114. Habari zake zilichapishwa mwaka 2016. Tumbili watatu walioambukizwa Ebola, wakaachwa mpaka siku ya tano ndipo wakaanza kupewa kingamwili hiyo peke yake, walipona wote.

Yafaa tueleze namba 114 hufanya nini, kwa maana ni ajabu. Kirusi cha Ebola hakiwezi kuzaana nje ya chembe ya mwili. Lazima kiingie ndani, na ili kiingie kina ufunguo. Lakini ufunguo huo kimeufunika kwa kofia, hata walinzi wa damu wasiuone. Chembe ya mwili hukimeza kirusi ikidhani ni chakula, na humo ndani, kwenye mfuko mdogo wa kuyeyusha vitu, maji makali ya chembe huikata ile kofia. Yaani mwili wenyewe humfunulia mwizi ufunguo wake! Hapo ufunguo huingia katika kufuli iliyomo ndani, mlango ukafunguka, na kirusi kikaanza kuzaana. Kingamwili nyingi hushika kofia, na kofia ikikatwa nazo huanguka pamoja nayo. Namba 114 hushika penye ufunguo wenyewe, wala haibanduki kofia ikikatwa. Kirusi hufika mlangoni kikashindwa kufungua.

Kutoka hapo hadi kwenye chupa ya dawa si karibu. Maelezo ya kuitengeneza kingamwili, ambayo wataalamu huyaita jeni, hunakiliwa na kutiwa katika chembe zinazofugwa kiwandani ndani ya mapipa makubwa yenye maji ya lishe. Chembe hizo huitengeneza kingamwili, ikachujwa na kusafishwa mara nyingi, ikakaushwa kuwa unga, ukawekwa mahali pa baridi. Mwaka 2018 walipewa kwanza watu 18 wazima huko Marekani waliojitolea, ili ijulikane kama ina madhara, na haikuonekana hatari kubwa. Mgonjwa hutiwa katika mshipa kwa dripu mara moja tu, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake; mtu wa kilo 60 hupata gramu 3.

Wakati huo huo, tarehe 1 Agosti 2018, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka Kivu ya Kaskazini. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote uliopata kuonekana katika nchi ile. Mpaka ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Chanjo ilikuwako, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hapa wasomaji wasichanganye: chanjo huufundisha mwili kutengeneza silaha yake mwenyewe, nayo huhitaji siku kadhaa kufanya kazi, dawa ya kingamwili ni silaha iliyokwisha kutengenezwa, hufanya kazi saa hiyo hiyo, lakini baada ya muda huisha mwilini. Aliyekwisha kuugua, chanjo imempita.

Dawa zilizokuwako zilikuwa nne, wala hakuna aliyejua ipi ni bora. Ya kwanza, ZMapp, ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizotengenezwa ndani ya majani ya mmea wa jamii ya tumbaku. Wakulima wa Urambo na Sikonge watatuwia radhi tukisema kwamba hiyo ndiyo habari njema ya kwanza tuliyopata kuisikia juu ya jamii ya mmea huo. Ya pili ilikuwa remdesivir, ambayo si kingamwili. Ya tatu namba 114. Ya nne ilikuwa ya kampuni ya Regeneron ya Marekani, nayo ni kingamwili tatu zilizopatikana kwa panya waliopewa jeni za kingamwili za binadamu.

Chini ya uongozi wa Muyembe, na pamoja naye tabibu kijana wa Kongo, Sabue Mulangu, na wenzao wa Marekani, wagonjwa waliokubali waligawiwa dawa hizo nne kwa kura. Wako waliouliza, na sisi tuliuliza, ni haki gani kumpigia mgonjwa kura? Jibu ni hili. Tabibu akichagua mwenyewe, huenda akampa dawa anayoipenda yule mwenye nguvu, na nyingine yule anayekaribia kufa. Mwishowe dawa itasifiwa kwa sifa isiyo yake. Kura haina upendeleo. Na kila mgonjwa, kura ikianguka popote, alipata mojawapo ya dawa nne pamoja na maji ya dripu na matunzo yote. Kamati ya watu wasiotibu ilikuwa ikiangalia hesabu, na tarehe 9 Agosti 2019 ilipendekeza kura ya dawa zote nne isimame, kwa kuwa jibu lilikuwa limeonekana.

Hesabu ya mwisho ilikuwa ya wagonjwa 673. Waliopewa remdesivir walikufa 93 katika 175. Waliopewa ZMapp walikufa 84 katika 169. Waliopewa namba 114 walikufa 61 katika 174, na wa Regeneron 52 katika 155. Msomaji asipite haraka hapa. Dawa mbili zilizo bora bado ziliacha theluthi ya wagonjwa wafe. Lakini walipotengwa wale walioingia hospitali wakati virusi katika damu yao vilikuwa bado vichache, ilionekana kwamba kwa namba 114 walikufa kama 10 katika kila 100, na kwa dawa ya Regeneron kama 11. Maradhi yaliyokuwa yakiua wagonjwa 8 katika 10 yakawa yaua 1 katika 10. Na wale waliochelewa, ambao damu yao ilikwisha kujaa virusi, walikufa zaidi ya 60 katika 100, hata kwa dawa hizo hizo.

Sababu yake yafahamika kwa aliyefuata maelezo ya ufunguo. Kingamwili huzuia mlango. Haiwezi kuirudishia uhai chembe iliyokwisha kuvunjwa, wala kutengeneza ini lililokwisha kuharibika. Katika jaribio lile, waliofika ndani ya siku moja tangu kuugua walikufa 19 katika 100. Waliokaa siku tano nyumbani ndipo wakaja, walikufa 47 katika 100.

Na watu wengi walikaa nyumbani. Haifai kuwadharau kwa hilo. Nchi yao ilikuwa katika vita kwa zaidi ya miaka 20, watu wakiuawa usiku vijijini, nao wakiona kwamba dunia haiwajali. Mara yakaja magari kwa mamia kwa ajili ya maradhi ambayo wengi hawakuyajua. Walisema kwamba Ebola ni biashara ya watu. Waliona mgonjwa akipelekwa nyuma ya uzio wa plastiki na watu waliovaa mavazi ya kutisha, kisha akatolewa maiti, wakadhani kwamba huko ndiko anakouliwa. Februari 2019 vituo vya kutibia vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, na Aprili tabibu wa Cameroon, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi mjini Butembo. Kilichosaidia kuwalainisha watu, pamoja na mengine, ni wale waliopona. Hao walirudi katika vituo wakawa walezi, kwa kuwa wao waliweza kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Ni jambo lile lile la wazee wetu na mwenye makovu ya ndui.

Basi twasema na kina baba na kina mama wa nyumba zetu waziwazi. Desturi yetu mtu akishikwa na homa ni kumpa kwanza vidonge vya dukani, kisha mitishamba, kisha kombe, na hospitali huja ya mwisho. Hatuvunji heshima ya dua wala ya tiba za wazee. Kisomo chaweza kusomwa hata hospitalini. Lakini kama homa imekuja wakati habari ya Ebola au Marburg imetangazwa karibu, siku tano za kujaribu nyumbani ndizo zile alizohesabiwa mgonjwa wa Beni. Na amri ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya mji ulioingiwa na tauni, kwamba wa nje asiingie na wa ndani asitoke, kila mtoto wa chuo ameisikia.

Yule kijana aliyeuliza halali na haramu alikuwa akifikiri juu ya damu, kwa kuwa damu ni najisi. Katika chupa ya namba 114 haimo damu ya mtu wa Kikwit. Kilichochukuliwa kwake ni maelezo ya kutengeneza, na chembe zilizofugwa kiwandani ndizo zilizotengeneza. Chembe hizo asili yake ni mnyama mdogo wa Kichina wa jamii ya panya, na zimefugwa katika maabara tangu mwaka 1957. Lakini dawa husafishwa kutoka kwao. Kuhukumu dawa ya namna hiyo, na kuufungua mlango wa dharura, ni kazi ya mashekhe wetu. Sisi tumeeleza jinsi ilivyotengenezwa ili wakiulizwa wajue wanaulizwa nini.

Juu ya maiti, hapana haja ya kungoja. Maiti wa Ebola ana virusi vingi kuliko mgonjwa, na kuosha maiti kumeangamiza jamaa nzima nzima. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipotoa maelekezo ya maziko ya salama liliweka sehemu ya maiti wa Kiislamu, ambamo hutayamamishwa juu ya mfuko badala ya kuoshwa. Twatamani kila mwosha maiti katika mitaa yetu alijue hilo kabla ya siku ya haja, maana siku hiyo kuna vilio na hapana wa kusikiliza.

Serikali ya Marekani iliziidhinisha dawa zote mbili mwaka 2020, ile ya Regeneron mwezi wa Oktoba kwa jina la Inmazeb, na namba 114 mwezi wa Desemba kwa jina la Ebanga. Shirika la Afya Duniani likazipendekeza mwaka 2022. Ni ghali, na serikali ya Marekani iliagiza za kuweka katika bohari zake za akiba. Kwetu yaonekana si vizuri kwamba dawa iliyotoka katika damu ya Mkongo, ikathibitishwa kwa wagonjwa wa Kongo, chini ya jina la Kiswahili, iwe ni lazima kuombwa kutoka ng'ambo kila mlipuko unapotokea. Wenye uwezo wa kulisema jambo hilo mahali panaposikilizwa na waliseme.

Tena ufunguo ni wa kufuli moja. Dawa hizi mbili zafaa kwa Ebola ya aina iitwayo Zaire tu. Uganda ilipopatwa mwaka 2022 na aina iitwayo Sudan, hazikufaa. Wala hazifai kwa Marburg, ambayo ni ndugu wa Ebola, nayo imekwisha kuingia nchini kwetu mara mbili, zote mkoani Kagera. Mwaka 2023 waliugua 9 wakafa 6. Mwanzoni mwa mwaka 2025, huko Biharamulo, walihesabiwa 10, na wote 10 walikufa.

Baina ya misiba hiyo miwili, Septemba 2024, Marburg ilizuka Rwanda, ikawashika zaidi wahudumu wa hospitali. Waliougua walikuwa 66. Waligunduliwa mapema, wakapewa remdesivir pamoja na kingamwili iliyokuwa bado katika majaribio, iitwayo MBP091. Walikufa 15. Hapakupigwa kura huko, kwa hiyo hakuna awezaye kusema ni kiasi gani kilichotokana na kingamwili, na kiasi gani kilichotokana na kuwahi na kutunzwa vizuri. Nayo MBP091 asili yake ni damu ya mtu aliyeugua Marburg akapona.